Pimamaji

Tangu Mambrui hatujasemezana,
na hapa Marafa hakuna pahali palipo sawa:
huku kichuguu, kule mfereji mkavu,
katikati mzizi umeinua mgongo
kama mtu aliyejifunika shuka akakataa kuamka.
Mwenye kiwanja katutoza mia tano,
akasema, "Popote. Ardhi ni hiyohiyo."
Kweli ni hiyohiyo. Yote yaelekea bondeni.

Kazi ina lugha yake, haingoji mpatanishi.
Mimi chini na tochi, Ngumbao kwenye usukani.
Natandika mbao mbili chini ya gurudumu la kushoto,
moja ya mvule, moja iliyokuwa mlango wa kabati,
namwita kwa kidole: njoo. Njoo. Kidogo.
Kiganja: hapo.
Anakitazama kiganja. Usoni hanitazami.

Trela tuliinunua kwa Mtaliano mmoja wa Malindi
aliyekuwa akirudi kwao na paka watatu.
Alitufundisha siku moja, zaidi kwa mikono:
kabari, miguu, ndipo ufungue.
Kabari, miguu, fungua. Kama dua ya kulalia.
Na ile sahani ya chuma yenye grisi, mgongoni mwa pikapu,
akaiita gurudumu la tano:
halikanyagi barabara hata siku moja
na shingo yote imelilalia.
Nilicheka. Siku hizi sicheki.

Mwaka juzi, Gongoni, Ngumbao aliruka neno la pili.
Alifungua, akaondoa gari, miguu ingali juu.
Shingo ikaangukia ubavu wa pikapu,
na miwani mia mbili na arubaini, kila moja na namba yake,
ikatoka kwenye droo kama kumbikumbi.
Leo asubuhi nililitaja tena.
Basi.

Kabari mbele, kabari nyuma, nazipiga teke ziume.
Anazungusha mkono wa jeki, miguu inashuka,
mmoja unapata ardhi, wa pili unapapasa hewa
kama unatafuta kandambili gizani.
Tofali. Tofali jingine. Kigae chembamba.
Waya wa breki. Waya wa taa.
Anavuta komeo, linagoma,
anarudisha gari nyuma unywele mmoja, linalegea,
na chuma kinaachana na chuma bila ugomvi.
Pikapu inaondoka nyepesi, imeinua matako,
kama mkwe aliyeruhusiwa kwenda zake.

Sasa pimamaji, juu ya meza ya kupimia macho.
Kiputo kinakimbilia mlangoni.
"Juu," nasema. Neno la kwanza tangu Mambrui.
"Juu wapi?"
"Mbele."
"Kiasi gani?"
"Kidole."
"Cha nani?"
Nashukuru giza limeingia, asione meno yangu.

Kesho watapanga foleni tangu alfajiri,
Mbeyu wa maziwa, washonaji,
mwalimu anayeficha macho yake kwa kukariri ubao.
Nitawaambia: keti wima, ipi iko wazi, hii au hii?
Na sisi tunaopima macho ya tarafa nzima
tuna nusu saa tunabishania sakafu.
Yeye asema imelala kaskazini.
Mimi nasema ni shingo yake.

Mwisho kiputo kinatulia kati ya mistari miwili.
Ngumbao anakwenda kusugua grisi kwa sabuni ya unga.
Kitunguu nilichokiacha mezani hakibingiriki.
Maji ya sinia yamekaa kimya.

Nami natoka tena, tochi mdomoni,
nashika jeki ya upande wangu wa kitanda,
robo, na robo tena, kushuka.
Mtu mzito akisinzia huenda anakoelekezwa.
Alfajiri, kabla ya mgonjwa wa kwanza, nitairudisha.